Kutafuta kumbukumbu za vizazi na vifo vya wazee wetu wa Tanga: mjukuu anaruhusiwa kuona nini?

Mjukuu wa Ngamiani (mwenye swali)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiandika nasaba ya upande wa baba yangu, kazi niliyoianza baada ya shangazi yetu kufariki, tulipogundua pale pale msibani kwamba hapakuwa na mtu aliyebaki wa kutuambia babu alizaliwa wapi na ndugu zake walikuwa akina nani. Tulichonacho ni kidogo. Babu alikuja Tanga mjini kutoka upande wa Pangani, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge, akajenga nyumba hapa Ngamiani, na akafariki hospitalini mwaka 1978 au 1979. Wanaokumbuka wanasema tu kwamba ilikuwa "wakati vijana wako vitani Uganda", na vita vile vilianza mwaka mmoja vikaishia mwaka wa pili. Bibi, mke wake, alikuwa Mbondei wa Muheza, na inasemekana alibatizwa utotoni kabla ya kusilimu na kuolewa.

Kuna pia msahafu wa kale uliokuwa kwa shangazi. Ndani ya jalada lake la nyuma, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia, mtu ameandika kwa herufi za Kiarabu kwamba mtoto wa kike amezaliwa usiku wa Ijumaa, mwezi wa Rajabu, mwaka 1345, na chini yake likafuata jina la mwanamume ambalo hakuna hata mmoja wetu anayelitambua.

Mwezi uliopita nilikwenda katika ofisi moja inayohusika na mambo haya kuomba kumbukumbu ya kifo cha babu. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, akaniuliza kama cheti ni cha mirathi, cha benki au cha mafao. Nilipomjibu kwamba ninaandika historia ya ukoo, aliitazama fomu, akaigeuza upande wa pili, akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba humo hamna sehemu ya historia. Nikarudi nyumbani bila kujua kama nimekataliwa au nimeahirishwa.

Ninaomba mnifahamishe: je, mjukuu ana nafasi gani ya kupata kumbukumbu ya kifo cha babu yake pasipo kuwapo mirathi inayoendelea? Je, ni lazima nijue tarehe kamili? Na je, kuna matumaini yoyote ya kupata kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, ikiwa alizaliwa kabla ya Mwingereza kuingia?

Karani Mstaafu

Mwanangu, marahaba. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha mbele ya madaftari hayo unayoyatafuta, katika wilaya mbili za mkoa wetu huu, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoyajua kwa mkono wangu.

Nianze na swali lako la mwisho, ili usipoteze nauli. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, ambayo leo ni Sura ya 108, ilitungwa mwaka 1920 na kuanza kutumika mwaka 1921. Sheria hiyo iliwalazimisha Wazungu na Waasia kusajili. Kwa Mwafrika ilibaki hiari, na usajili wa lazima kwa watu wote ulisogezwa wilaya baada ya wilaya baada ya Uhuru. Mtoto wa mkulima aliyezaliwa kando ya Mto Pangani wakati wa Mjerumani hakuwa na daftari la serikali la kuandikwa. Kwa hiyo kuzaliwa kwa babu yako usikutafute kwenye daftari la vizazi. Tafuta kifo chake, kisha utoke hapo ukirudi nyuma.

Kuhusu kifo, yako mambo ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni mahali. Tukio husajiliwa katika wilaya lilikotokea, wala si katika wilaya ya asili ya marehemu. Babu yako alifia hospitalini Tanga, basi kumbukumbu yake ni ya Tanga, hata kama alizikwa Pangani na matanga yakakaliwa huko. Nimewaona watu wakizunguka wilaya ya nyumbani kwao mwaka mzima wakimtafuta mtu aliyefia kwingine. Msajili wa wilaya ni Katibu Tawala wa Wilaya, na juu yake yupo Msajili Mkuu, ambaye tangu mwaka 2006 kazi zake zinafanywa chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Kabla ya hapo watu wa rika langu tulizoea kusema "kwa Kabidhi Wasii Mkuu". Kama wilayani hawalioni, makao makuu panabaki kuwa mahali pa kuulizia.

La pili ni tofauti ya kibali cha mazishi, tangazo na cheti. Mtu akifia hospitalini, hospitali hujaza tangazo la kifo na kuwapa ndugu kibali cha mazishi. Ndugu wa Kiislamu walikuwa na haraka ya kuzika kabla ya magharibi, wakachukua kibali, wakazika, na cheti wasikifuate tena kwa sababu hapakuwa na aliyekihitaji. Kwa hiyo mtu akikuambia "babu yenu hakuwahi kukatiwa cheti cha kifo", usikate tamaa, kwa kuwa tangazo linaweza kuwapo hata kama cheti hakikutolewa kamwe. Kwa waliofia nyumbani mambo ni magumu zaidi. Vifo vya namna hiyo vilisajiliwa hasa penye nyumba, akiba au mafao. Nilikuwa nikiwaambia vijana wangu kazini kwamba daftari la vifo la miaka hiyo ni daftari la wenye mali, na walinicheka, lakini hawakunibishia.

La tatu ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Cheti ni muhtasari. Daftari lenyewe lina safu zaidi, na miongoni mwake ipo ya mtoa taarifa: jina lake, makazi yake, na uhusiano wake na marehemu. Mwenye kutafuta nasaba hupata faida katika safu hiyo kuliko katika jina la marehemu analolijua tayari. Unapoandika barua, usiombe "cheti" peke yake. Omba upekuzi ufanyike na upewe nakala iliyothibitishwa ya ingizo lote la daftari, pamoja na maelezo ya mtoa taarifa.

Tarehe kamili si lazima, ila ukimwambia karani "kati ya 1970 na 1985" umemwambia asitafute. Wewe una bahati ya vita: omba kuanzia Oktoba 1978 hadi katikati ya 1979. Andika majina yote ambayo babu aliitwa, ukianza na lile ambalo hospitali ingeliandika, yaani jina lake na la baba yake, wala si lakabu ya mtaani. Tulikuwa na Saidi, Said na Seyyid wakiwa mtu mmoja. Eleza uhusiano wako na uuthibitishe kwa mnyororo: cheti chako cha kuzaliwa kinamtaja baba yako, na cheti au kiapo cha baba yako kinamtaja babu. Ongeza barua ya serikali ya mtaa. Hapo karani anakuwa na karatasi ya kumlinda akiulizwa kwa nini alilifungua daftari, na kwa uzoefu wangu, nusu ya makatazo yote unayokutana nayo dirishani ni hofu ya mtu asiye na karatasi ya kumlinda.

Nikutahadharishe jambo moja kuhusu vyeti vya kuzaliwa vya wazee mtakavyovikuta katika masanduku ya nyumbani. Tazameni tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kusajiliwa. Cheti kinachosema mtu amezaliwa mwaka 1931 kinaweza kuwa kimeandikwa mwaka 1986, alipotaka pasipoti ya kwenda Hija, kwa kiapo cha kaka yake ambaye naye hakuwapo alipozaliwa. Siku iliyosajiliwa ndani ya miezi mitatu ni ushahidi. Siku iliyosajiliwa baada ya miaka 50 ni kauli ya mzee mmoja iliyopigwa muhuri. Ukiona tarehe 1 Januari, au tarehe 1 Julai, shuku kwanza.

Mtanga wa Leicester

Nilizaliwa Tanga, nikaondoka nikiwa kijana, na sasa ninaishi Uingereza. Maelezo ya Karani Mstaafu kuhusu mwaka 1921 yamenigusa kwa sababu mimi ni mfano hai wa upande wa pili wa sheria ile. Familia yetu ilitoka Gujarati, na kwa kuwa Waasia tulilazimishwa kusajili, kuzaliwa kwa baba yangu katika miaka ya thelathini kulikuwa ndani ya daftari, siku, mtaa, kazi ya babu na jina la mkunga, yote kwa mwandiko mmoja mzuri. Yaya aliyemlea, ambaye nyumbani tulimheshimu kama bibi, alizaliwa mjini humo humo na hakuna mstari hata mmoja wa serikali unaomtaja. Nimeyatafuta majina yote mawili kwa juhudi ileile.

Labda itasaidia kujua wengine hufanyaje, ili tujue tunaomba nini. Hapa Uingereza na Wales usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837, faharasa zake huonwa na kila mtu, na yeyote anaweza kuagiza nakala ya cheti cha mtu yeyote kwa kulipa ada, bila kueleza undugu. Scotland wanaweka uzio wa miaka: picha za daftari hufunguliwa mtandaoni baada ya miaka 100 kwa kuzaliwa, 75 kwa ndoa na 50 kwa kifo. Ujerumani, ambako nililazimika kuuliza kwa ajili ya rafiki yangu ambaye babu yake alikuwa fundi wa reli ya Usambara, madaftari huhamia kwenye nyaraka za umma baada ya miaka 110 kwa vizazi, 80 kwa ndoa na 30 kwa vifo. Kote huko ni muda unaofungua mlango. Kwetu naona ni undugu na sababu, na ndiyo maana mjukuu anaulizwa kama ana mirathi. Sisemi kwamba utaratibu wa Kiingereza ndio bora. Unanishangaza hata mimi kwamba jirani yangu anaweza kuagiza cheti changu cha ndoa kwa udadisi tu. Lakini kifo cha mwaka 1978 katika Scotland kingekuwa na tarehe inayojulikana ya kufunguliwa, na mtu angekaa akaisubiri.

Mlinzi wa Rejesta, Bagamoyo

Dada yangu wa Ngamiani, nitasema machache juu ya bibi yako Mbondei, kwa kuwa hapo ndipo daftari la kanisa linapotangulia la serikali kwa miaka mingi.

Mimi ninaishi Bagamoyo na asili ya mama yangu ni Mandera. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa mwaka 1868, kisha wakapeleka familia za Wakristo kuanzisha vituo vya bara, Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881, kwa hiyo jina linaloanza katika rejesta ya Bagamoyo linaweza kuendelea katika rejesta ya Mandera kama mtu aliyehama nyumba. Rejesta ya zamani ya ubatizo imeandikwa Kilatini, lakini si Kilatini cha kutisha. Baada ya kurasa tatu unajua wapi pameandikwa mtoto, wapi baba, wapi mama, na wapi msimamizi wa ubatizo. Watoto waliokombolewa utumwani hawakuwa na wazazi wa kuandikwa. Msimamizi ndiye mtu mzima pekee aliye karibu nao kwenye mstari ule, na mara nyingi ndiye atakayekuongoza kwenye kaya waliyolelewa.

Angalia sana pambizo. Katika Kanisa Katoliki, kipaimara na ndoa ya mtu hurudishwa kuandikwa pembeni mwa mstari wa ubatizo wake, hata kama alifunga ndoa parokia ya mbali. Nilimpata dada wa bibi yangu kwa njia hiyo: mstari wenyewe ulikuwa na maneno machache tu, lakini pembeni, kwa kalamu nyingine na miaka kumi na tisa baadaye, padre alikuwa ameandika jina la mume na la parokia. Nilikaa pale mezani nikalisoma lile neno moja hadi katibu wa parokia akaniuliza kama ninahitaji maji.

Bibi yako, ikiwa alitoka Muheza, yaelekea ni Mwanglikana wa upande wa Magila, ambako wamisionari wa UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, walifika katika miaka ya 1860. Huko si Wakatoliki, na utaratibu wa pambizo usiutarajie. Anza na parokia ya kijiji chao, kisha uulize dayosisi. Karatasi za UMCA yenyewe, yaani barua na ripoti za wamisionari, ziko Oxford katika maktaba ya Bodleian, ila usizitegemee kwa ubatizo wa mtoto mmoja. Nenda na barua, sema unatafuta nani na miaka gani, kubali katibu akusomee badala ya kukupa daftari mkononi, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Haya ni madaftari ya watu wa ibada, si mali ya umma, na anayekufungulia anakufanyia hisani.

Jambo moja zaidi: bibi yako alibadilisha jina aliposilimu. Tafuta jina la ubatizo kwa wazee wa upande wake kabla hujaenda Muheza, la sivyo utapita mbele ya mstari wake bila kumjua.

Mwalimu wa Pangani

Nimesoma kwa makini, na nimevutwa na ule mwandiko ndani ya msahafu. Tuufanyie hesabu. Mwaka 1345 wa Hijria ulianza Julai 1926, na Rajabu yake iliingia mwanzoni mwa Januari 1927, tukikubali kwamba kuandama kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja. Ijumaa za Januari 1927 ni tarehe 7, 14, 21 na 28. Lakini mwandishi amesema "usiku wa Ijumaa", na kwa mtu wa pwani wa wakati ule siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao hospitali ingeuandika Alhamisi. Mtoto huyo basi alizaliwa usiku wa tarehe 6, 13, 20 au 27 Januari 1927. Mmepata tarehe iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko vyeti vingi vya wazee mtakavyoviona, na iliandikwa na mtu aliyekuwa nyumbani mtoto alipolia.

Sasa naomba niseme jambo ambalo halitawafurahisha wote. Sioni ubaya wa karani kuuliza "cha nini?". Mimi nimekaa katika mabaraza ya mirathi hapa Pangani, na nimeona karatasi moja ya zamani ikivunja nyumba mbili. Daftari halimwonei mtu haya. Linaandika mama bila mume, linaandika mzee kwamba alikuwa mtumwa wa fulani, jambo ambalo wajukuu wake wamelifunika kwa vizazi vitatu na kuozana na watu ambao hawakuambiwa. Mtu anaanza kwa kuandika historia, akimaliza ana jina la shangazi aliyesahauliwa, na jina hilo lina fungu katika shamba la minazi ambalo limeshauzwa. Je, yule mwenye shamba leo hana haki ya kuulizwa?

Serikali nayo imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Mtu anayeweka nasaba mtandaoni na kutaja tarehe za kuzaliwa za ndugu walio hai afikiri mara mbili. Waliokufa wana warithi wa aibu yao pia.

Karani Mstaafu

Mwalimu, nakuheshimu, na hayo ya shamba la minazi nimeyaona na mimi. Lakini tusimchanganye mwenye kutafuta na mwenye kuficha. Fungu la yule shangazi lilikuwapo kabla karatasi haijasomwa. Karani anaruhusiwa kuuliza ni ya nini. Asichoruhusiwa ni kulichukua jibu la "historia" kama kwamba si jibu.

Kwa kuwa umelitaja suala la mirathi, nimekumbuka jambo nililopaswa kumwambia binti mapema. Babu aliacha nyumba Ngamiani. Nyumba haihami kwa watoto bila mtu kwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, na ndani ya jalada la mirathi hukaa vitu ambavyo daftari la vifo halina: orodha ya warithi, na mara nyingi muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina ya waliohudhuria, wanatoka wapi, nani ni kaka na nani ni mpwa, na sahihi au dole gumba la kila mmoja. Mimi ningeuweka muhtasari huo juu ya vyeti vyote. Uliandikwa siku ambazo watu wote walikuwa wakitazamana, na mtu akijiita mtoto wa marehemu pasipo kuwa hivyo alisahihishwa papo hapo, tena kwa sauti. Uliza kwa karani wa mahakama kwa jina la marehemu na mwaka. Majalada mengine yamehamishwa, mengine yameliwa na mchwa. Uliza hata hivyo.

Kuhusu Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyoko Upanga, Dar es Salaam, kijana mmoja ameniandikia pembeni akiuliza kama vyeti viko huko. Huko kuna mafaili ya utawala, ya Mjerumani na ya Mwingereza, na kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka hufunguliwa kwa kawaida baada ya miaka 30. Babu wa mtu hupatikana huko kama alikuwa jumbe, akida, mshitakiwa au mlalamikaji. Kama alikata mkonge tu na kulipa kodi yake kwa wakati, huenda hayumo.

Msomaji wa Wete

Naongeza kwa ufupi tu kwa sababu nusu ya Pangani na Tanga ina ndugu huku kwetu. Mtu aliyezaliwa au kufia Unguja au Pemba hamo katika daftari la Bara. Zanzibar ina usajili wake na sheria zake, na leo shughuli hiyo iko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Makaratasi ya kale zaidi huulizwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, mjini Unguja. Familia yenye mtu aliyevuka bahari kwa jahazi ihesabu safari mbili.

Mjukuu wa Ngamiani

Nimerudi baada ya wiki tano, na nawashukuru nyote kwa subira na kwa ukali pia.

Niliandika barua kama Karani Mstaafu alivyoelekeza, nikaambatanisha mnyororo wa vyeti na barua ya serikali ya mtaa, nikaomba upekuzi wa Oktoba 1978 hadi Juni 1979 na nakala ya ingizo lote. Mara ya kwanza niliambiwa hayumo. Nikaomba kwa adabu watazame kwa jina la baba yake likitangulia, kwa sababu hospitali nyingine huandika hivyo, na siku ya tatu akapatikana: Februari 1979, umri "miaka 70 takriban", kazi "mkulima", ingawa sote tunajua alikata mkonge hadi mgongo ukapinda. Cheti hakikuwahi kuchukuliwa. Tangazo lilikuwa limekaa humo miaka yote hii.

Mtoa taarifa si baba yangu wala amu zangu. Ni mwanamume wa kijiji kimoja cha Pangani, na katika safu ya uhusiano imeandikwa "mpwa". Jina lake la pili, yaani la baba yake, ni lile lile lililoandikwa ndani ya msahafu chini ya mtoto wa Rajabu. Kumbe babu alikuwa na dada. Mwenye msahafu alikuwa shemeji yake. Na yule mtoto wa Januari 1927 si shangazi yetu kama tulivyodhani, bali ni dada wa huyu mpwa aliyekwenda kusema kwamba mjomba wake amefariki. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kunitajia kwamba babu alikuwa na dada.

Mwalimu, maneno yako sikuyapuuza. Kabla ya kwenda kijijini nilimwomba baba atangulie yeye, kwa salamu na si kwa daftari, na walio hai sitawaandika popote bila wao kutaka. Amerudi jana. Huko wamebaki wajukuu wa yule mpwa, na wao nao walikuwa wakijiuliza kwa miaka mingi msahafu wa nyumbani kwao ulikwenda wapi. Jumamosi ninaupeleka, nikiwa nimeupiga picha ukurasa ule wa mwisho kwa ruhusa yao.